Risala ya Chama cha Sayansi kwa Mgeni wa Heshima, Likoni, Mombasa

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Umevuka feri na jua hili la saa nane kuja kututazama. Ahsante, karibu sana.

Koili mbili zilizo mezani ni za waya wa shaba tuliouchomoa kwenye pangaboi bovu tukauzungusha kwenye kipande cha bomba la maji. Ya chini imeunganishwa na stima. Ya juu ina kitaa tu, haina waya wa stima wala betri. Zikikaribiana, kitaa cha juu huwaka. Penyeza daftari katikati, kinaendelea kuwaka. Penyeza sinia la alumini, kinazimika papo hapo.

Taa peke yake si ajabu. Tulichotaka ni umeme na habari vipite njia moja, kama hamali wa Mji wa Kale abebaye gunia na barua kwa safari moja. Kadi ya benki ya kugusisha hufanya hivyo kila siku: haina betri, hula umeme wa mashine kwa mawimbi ya megahezi 13.56, kisha hujibu kwa kuyatikisa mawimbi yaleyale.

Nasi tukatuma salamu kutoka koili ya juu kwa Morse, alfabeti ya nukta na vistari: SHIKAMOO. Ikafika SHIKAMO. Baada ya kucheka tukahesabu. M ina vistari viwili, kila O vitatu. Ni vinane mfululizo, na katika kila kistari koili ya juu hujinyima umeme ili isikike. Ikawa inasema huku inakufa njaa! Mvutano huo mtafiti Lav Varshney aliuonyesha kwa hesabu mwaka 2008. Sisi tumeutuliza kwa kapasita kubwa, kifaa cha kuweka akiba ya umeme, kutoka redio ya babu wa mwenzetu. (Redio ilikuwa mbovu, tunaapa.)

Tunalenga kipimajoto cha kufungwa ndani ya sanduku la barafu la wavuvi wetu, kisomwe bila kufungua kifuniko. Soketi za kawaida hapa pwani huliwa na chumvi. Koili iliyozibwa kwa plastiki haina pa kuliwa.

Ombi letu ni osiloskopu moja, mashine ya kuchora mawimbi ya umeme kwenye skrini. Hadi leo mawimbi tunayakisia kwa mwanga wa kitaa na mlio wa spika.

Mheshimiwa, mbele yako kuna kitufe chekundu. Tafadhali kibonyeze, na salamu ikifika yote, utuitikie marahaba.