Fedha za muda mrefu zipo, kanuni zizifungulie njia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kanuni za fedha, ambazo ni nadra kutajwa tunapolalamikia uhaba wa maji na ubovu wa barabara.

Baada ya msukosuko wa fedha duniani wa mwaka 2008, Kamati ya Basel, ya wasimamizi wa benki wa kimataifa, ilitunga kanuni zijulikanazo kama Basel III, zinazozitaka benki ziwe na mtaji mkubwa zaidi na ukwasi wa kutosha, yaani fedha zinazopatikana upesi zinapohitajika, na mikopo ya muda mrefu itokane na fedha zisizoondoka haraka. Nia hiyo ni njema, kwani benki ikianguka anayeumia ni mwenye akiba. Hata hivyo, kwetu sisi ambako amana nyingi ni za muda mfupi, benki ya biashara haiwezi kukopesha mradi wa maji kwa miaka 20 bila kujihatarisha, na sioni busara ya kuishinikiza ifanye hivyo.

Fedha zenye subira ziko kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii na kampuni za bima ya maisha, ambazo madai yake huja baada ya miaka mingi. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ulishiriki kugharamia Daraja la Kigamboni, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2016, lakini mfuko unapoingia wenyewe katika mradi mmoja, fedha za wanachama hukwama humo. Njia iliyo bora zaidi imeonekana hapa kwetu Tanga. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo kwa miradi inayotunza mazingira, ya miaka 10, ya shilingi bilioni 53.12 na riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ikapata zaidi ya kiasi ilichoomba, kisha hatifungani hiyo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambako mwenye nayo anaweza kuiuza akihitaji fedha zake.

Kenya ilirekebisha kanuni zake mwaka 2021, ikaruhusu mifuko ya pensheni kuwekeza hadi asilimia 10 ya mali zake katika hatifungani za miundombinu ya ubia kati ya serikali na sekta binafsi. Naiomba Benki Kuu yetu nayo itenge fungu mahususi la hatifungani za miradi katika miongozo ya uwekezaji ya mifuko yetu, kwa sharti kwamba hesabu za kila mradi zikaguliwe na kutangazwa, na wadhamini wa mifuko wabaki na uhuru kamili wa kukataa mradi usiolipa, hata kama unapendwa na wakubwa.

Mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii,
Tanga