Kocha wa watoto si tusi

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa safu ya michezo ametuhukumia jambo zito kwa sentensi moja: eti mchezaji mkubwa hawi kocha mzuri. Ushahidi wake ni nyota mmoja wa zamani aliyekabidhiwa timu, akatimuliwa hata msimu haujafika nusu. Hakumtaja jina, nami sitamtaja. Ila naomba nafasi nimjibu, na ushahidi wangu nautoa kwenye barafu, kwa kocha mmoja wa hoki.

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Mwaka wa 11 huu naishi Laval, Kanada, ukivuka daraja tu uko Montreal. Nilikuja nikijua hoki ni ile ya magongo uwanjani, waliyokuwa wakicheza Wahindi na Magoa wetu. Kumbe ya huku watu wanateleza juu ya vyuma vyembamba, wanagombea kisahani cheusi cha mpira wanachokiita paki, na kumpiga mwenzio kikumbo ni halali. Mwanangu akaipenda. Basi kila Jumamosi saa 12 alfajiri utanikuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimepiga magoti, namkazia kamba za viatu. Kamba zile hazitaki mzaha. Zikilegea kifundo kinayumba, ukizikaza kupita kiasi mguu unakufa ganzi, na vidole vyako mwenyewe vimeshakufa ganzi zamani.

Mtoto alipofika miaka 12, kocha mmoja alimpima kwa macho juu hadi chini, akaniambia kwa upole: "Mama, huyu ni mdogo. Mpeleke soka." Nililia garini. Baba mmoja, fundi bomba ambaye mwanawe anacheza na wangu, ndiye aliyenisimulia habari za Martin St. Louis, nyota wa zamani wa hoki, mtoto wa Laval hiihii, aliyezaliwa mwaka 1975.

Bwana huyu kimo chake ni kama mita 1.73, na kwa hoki huo ni ufupi. Alisoma Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, akafunga mpaka basi, lakini NHL, ligi kuu ya hoki huku, ilipofanya uteuzi wa vijana hakuna klabu iliyomchukua. Klabu ya Calgary wakamjaribu, wakamwacha mwaka 2000. Ziliingia klabu mbili mpya kwenye ligi mwaka huohuo, zikiruhusiwa kuokota wachezaji wa wenzao, nazo zikampita. Tampa Bay ndio waliomchukua. Miaka minne baadaye alikuwa na pointi nyingi kuliko wote, 94 (yaani mabao na pasi za mabao), akachaguliwa mchezaji bora wa ligi, na fainali ya Kombe la Stanley, ubingwa wa ligi hiyo, ikamkutanisha na nani? Calgary! Mechi ya sita, palepale nyumbani kwao, walikuwa wamebakiza ushindi mmoja tu kulichukua kombe. Kipindi cha pili cha nyongeza hakijamaliza dakika, St. Louis akafunga. Mechi ya saba Tampa wakabeba kombe. Fundi bomba alipofika hapo alisimama kwenye kiti.

Alistaafu mwaka 2015 akiwa na pointi 1,033. Sasa hapa ndipo mwandishi wenu angetega sikio. Hakukimbilia kuomba timu kubwa. Alikwenda Connecticut, Marekani, kufundisha timu za watoto, wanawe wakiwamo. Ukiacha kipindi kifupi alichoisaidia klabu ya Columbus kwa ushauri, kazi yake ilikuwa hiyo: kurudia somo lilelile kwa mtoto ambaye akili iko kwenye chipsi.

Februari 2022 Montreal Canadiens, klabu ya NHL ya hapa, wakamwita awe kocha. Hajawahi kuchezea klabu hiyo wala kuongoza timu ya kulipwa. Kifaransa anacho, na hapa hilo si dogo. Kocha asiyekijua magazeti hayamwachi alale. Lakini wapo waliocheka: kocha wa watoto! Timu ilikuwa na ushindi mara 8 katika mechi 45. Ilikuwa na kijana mfungaji, Cole Caufield, mfupi kama yeye, aliyekuwa na bao 1 katika mechi 30. Chini ya St. Louis, msimu uleule, akafunga 22 katika mechi 37. Viungo ni vilevile na barafu ni ileile. Mimi si mtaalamu, ila nadhani alikutana na mtu ambaye naye aliwahi kuambiwa ni mdogo.

Nisimpambe kupita kiasi. Msimu ule walimaliza mkiani kabisa, na misimu miwili iliyofuata hawakufuzu mtoano. Walifuzu mwaka 2025, wakatolewa na Washington kwa mechi tano. Uongozi ulikuwa umeahidi kujenga timu kwa vijana, na ukavumilia. Nyota wenu alivumiliwa wiki ngapi?

Kwa hiyo swali langu kwa mwandishi si kama nyota anaweza kufundisha. Namuuliza hivi: huyo mliyemtimua, kati ya siku aliyotundika viatu na siku aliyokabidhiwa timu, alikuwa wapi? Kuna mtoto hata mmoja wa mtaani aliyewahi kumwonyesha jinsi ya kutuliza mpira kwa paja? Kama hakuna, basi waliompa kazi ndio wa kuandikiwa safu, si yeye.

Nasubiri jibu gazetini. Jumamosi alfajiri nitakuwa palepale sakafuni na kamba zangu, maana yule mdogo mpaka leo amekataa kwenda soka.

Mama Shabani,
Laval, Kanada