Mama nimepata nyumba, na gari nayo imepata pa kulala

Shikamoo mama. Najua mdogo wangu ndo atakusomea hii, naomba asiruke kitu hata pale kwenye hela. Nilivyokaa kimya miezi miwili sio kwamba nimewasahau, nilikuwa natafuta nyumba, na Ujerumani hii kupata kazi ya unesi ni rahisi kuliko kupata chumba cha kupanga. Sasa nimepata, niko Kirchhain, kamji kadogo huku jimbo la Hessen, ukitoka Marburg kwa treni unashuka kabla hujakaa vizuri.

Kilichonichelewesha ni paking. Shifti ya asubuhi naanza saa kumi na mbili na Jumapili basi la kwanza linapita mimi nimeshaogesha wazee wawili, kwahiyo bila gari hamna kazi. Kule Marburg kwa mwenzangu nilikojishikiza ni mlimani, vichochoro vya mawe kama unapanda Lushoto, mpaka wameweka lifti ya kupandisha watu huko juu mjini. Gari unazunguka nayo nusu saa usiku umechoka. Kibali cha wakazi unakilipia lakini kinakupa ruhusa ya kupaki tu, nafasi ujitafutie mwenyewe. Mara moja nikapaki upande wa kushoto gari ikiangalia kule magari yanakotokea, asubuhi nikakuta karatasi ya faini euro 15, kumbe huku ni kosa.

Nyumba nimeenda kuangalia tisa. Unakuta foleni kwenye ngazi, kila mtu na faili lake, salary slip za miezi mitatu na karatasi ya Schufa ya kuonyesha hudaiwi, unaulizwa kama una mbwa, kama unapiga muziki, alafu hawakupigii tena. Hii ya kumi mwenye nyumba ni bibi wa makamo ya marehemu bibi yetu, akaniuliza naanza kazi saa ngapi, nikamwambia, akanipeleka uani moja kwa moja kabla hata sijaona chumba, akasema gari utaweka hapa.

Na nyumba yenyewe mama ungeiona ungecheka kwa furaha. Ni ya miti na udongo! Pale chokaa ilipobanduka ngazini nimeona fito zimesukwa na udongo umechanganywa na majani makavu, vilevile kama nyumba ya bibi Muheza, tofauti ni magogo makubwa na hii imesimama miaka mamia. Niliweka mkono pale nikakaa kidogo.

Jikoni sasa hamna kitu, bomba mbili zimetoka ukutani na waya wa stovu, basi. Huku mara nyingi mpangaji akihama anaondoka na jiko lake mpaka sinki. Nimenunua la mtumba euro 350.

Hela ziko hivi. Kuna kodi baridi, ndo ya nyumba tupu, 430. Ukiweka maji na hita na taka inakuwa kodi ya moto, 590, na paking 30 juu yake. Dhamana ni kodi baridi ya miezi mitatu, yaani 1290, ila sheria inaruhusu kulipa kwa awamu tatu na bibi amekubali. Kwahiyo mama, hela ya bati niliyoahidi nitatuma nusu mwezi huu na nusu awamu zikiisha. Imeniuma sana kuandika hapo. Mjomba asikope bati dukani tafadhali, fundi asubiri.

Jana bibi kapigilia kibao ukutani, kina namba ya gari yangu, hamna mwingine anaruhusiwa kupaki pale. Saa kumi na moja alfajiri natoka nakwangua barafu kwenye kioo, taa yake ya jikoni inawaka, ananipungia.

Masika yakianza kabla sijatuma, mjomba aweke turubai ile kona inayovuja, na kitanda chako kihamishiwe upande wa mlangoni, usilale pale mama.