Mtu hana vichwa viwili

Liège, 17 Januari

Yaya, dada yangu mkubwa mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti umefika, pamoja na kilio cha mtoto na jenereta ya jirani. Habari za huko nazisikia kila asubuhi redioni, na sitaziandika hapa. Leo nina jambo lingine.

Tarehe unaijua. Wakongo wa huku wanaikumbuka kwa ajili ya Lumumba, aliyeuawa 17 Januari 1961 pamoja na wenzake Mpolo na Okito. Mwaka jana nilipanda treni hadi Bruxelles, kwenye uwanja mdogo uliopewa jina lake 2018, pale karibu na Matonge, mtaa wa Wakongo. Tulikuwa wachache, baridi inakata masikio. Wenzangu wanamlilia Lumumba, mimi kichwani nina volkano. Niliona haya kidogo. Lakini mtu wa Goma afanyeje? 17 Januari yetu ni ile ya 2002, siku ya Alhamisi, Nyiragongo ilipopasuka ubavuni na moto ukashuka mpaka mjini.

Sasa sikiliza. Nimeanza kuandika kwenye kaye, daftari tu la kawaida. Usicheke. Mama mmoja wa parokia yetu, muuguzi aliyestaafu, aliniona sina usingizi, akaninunulia kaye na biki, akaniambia kila jioni niandike vitu vitatu vya kushukuru. Wiki ya kwanza niliandika kama mtoto wa darasa la pili: nimeamka mzima, basi halikuchelewa, nimekula sambaza. (Sambaza, visamaki vyetu vya ziwani, zilikuja ndani ya valisi ya mtu, zimekauka kama vijiti, ila nilishukuru kweli.) Baadaye ikawa sala ya kasuku. Nikamrudishia kaye yake. Akasema: basi andika kimoja tu, ukikamue mpaka kitoe maji. Akanieleza habari za mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, aliyewapa wanafunzi dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, waandike yaliyowaumiza. Matokeo yalitoka 1986: wakimaliza kuandika walijisikia vibaya zaidi, lakini miezi iliyofuata walienda kwa daktari mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida tu.

Hapo kwenye kujisikia vibaya mimi ni shahidi. Siku ya pili nililia jikoni nikasingizia vitunguu, na ndani ya nyumba niko peke yangu.

Jana usiku nikasema niandike ile sufuria ya maharage. Unakumbuka Mama alivyokuwa akiisimulia kila mgeni: moto unashuka, watu wote wa Majengo wanakimbilia bariyeri ndogo ya mpakani, na yeye hakukubali kuyaacha maharage yake, yalikuwa yameanza tu kulainika. Yakavuka mpaka kichwani mwake. Kule Gisenyi mama mmoja tusiyemjua akasogeza sufuria yake kando ya mbabula, jiko lake la makaa, akaweka yetu. Maharage yaliyowekwa jikoni Goma yakaivia Rwanda, tukala usiku tumekaa chini, ardhi inatikisika, mbingu nyekundu upande wa nyumbani. Mama huyo hatukumuuliza hata jina. Nilitaka kumshukuru yeye kwenye ukurasa wangu.

Nikaanza kukamua. Nani alikuwa wapi? Kadogo alikuwa mgongoni mwa Mama, amefungwa kwa kikwembe cha kijani. Papa alisukuma chukudu ya watu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, juu yake cherehani na bibi wa jirani. Mimi nilishika upindo wa nguo ya Mama, na kila nikitazama juu sioni uso wake, naona godoro tu. Godoro la sponji la mistari, limekunjwa, linapigapiga.

Nikaweka biki chini. Godoro lilikuwa kichwani mwa Mama. Mtu hana vichwa viwili.

Ndipo nikakuona, Yaya. Una miaka 12. Unachomoa sketi yako ya bluu ya shule kwenye kamba, bado ina unyevu, unaisokota ngata. Unaitua sufuria juu yake, imetoka motoni sasa hivi. Mbele yangu miguu yako, kandambili moja rangi nyingine. Watu wanasukumana, mchuzi unaruka, na wewe shingo imenyooka kama mti. Sikusikia ukisema kitu. Miaka yote hii Mama amesimulia mbele yako, wewe unamenya ndizi, hukuwahi kumkatiza.

Siku tuliporudi tukikanyaga makoro, yale mawe ya volkano, bado ya moto, soli zikinuka, nyumba hakuna, nakumbuka bado uliishika ile sufuria. Na 22 Mei 2021, mlipokimbia tena usiku, nilikuuliza kwa simu umebeba nini, ukajibu watoto, na sufuria. Nikadhani unatania.

Nimefuta jina la yule mama wa Gisenyi juu ya ukurasa (sina jina lake, niliandika tu «mama wa mbabula»), yeye nitampa wa kesho. Huu ni wako. Asante, Yaya.

Ila kuna kitu kimoja. Zamani nikikusuka, kulikuwa na kale kadoa kwenye utosi kasikoota nywele. Nilikaita uwanja wa ndege, wasichana wote wa avenyu wakacheka, na wewe ukafunga kitambaa mwezi mzima.

Ulikuwa mchuzi wa maharage?

Mdogo wako