Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: samaki wageni katika Ziwa Kivu

Ndugu wavuvi, nanyi wamama wauzaji wa sambaza wa Bukavu, Katana na Idjwi,

Hesabu za michango na deni la mizani atazisoma mweka hazina. Mimi nina jambo moja: viumbe wanaoletwa ziwani kwetu kutoka maji mengine.

Sambaza mwenyewe, samaki wetu mdogo kama dagaa, si mwenyeji. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa kula vidudu vinavyoelea. Alishika vizuri, na leo nyumba nyingi zinamtegemea. Ila huwinda kwa macho, huanza na kidudu kikubwa, na dafnia, aliyekuwa mkubwa kati ya vidudu hivyo na mla mwani hodari, akatoweka. Ziwa lina kina cha mita 485, lakini hewa ya samaki inaishia kama mita 60 kutoka juu. Chini ya hapo ni maji yaliyojaa gesi. Kila mgeni anayeongezwa anagombea chakula katika tabaka hilo hilo.

Mwingine ameshaingia: Lamprichthys tanganicanus, samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika, aliyeonekana Kivu mwaka 2006. Naye hula vidudu vile vile anavyokula sambaza. Mto Ruzizi, unaotoka Kivu, unashuka karibu mita 700 mpaka Tanganyika, una maporomoko na mabwawa ya umeme, kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba alipanda mwenyewe. Hutagia kwenye nyufa za mawe, na kingo za Idjwi zimejaa mawe. Kumtoa sasa haiwezekani. Kinachowezekana ni kumfungia njia atakayefuata, na njia hiyo ni mizigo yetu.

Komite imepitisha kanuni kwa anayenunua nyavu au mtumbwi Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika. Osha huko huko, kwa maji ya kisima, mbali na ufuo. Anayeosha akifika Bukavu anamwaga ziwani kile alichotaka kukizuia. Toa majani yote na matope yaliyo kwenye fundo, kausha maji ya ndani ya mtumbwi, kisha tandaza wavu juani siku mbili nzima ukiugeuza. Kosa la kawaida ni kuukunja ukiwa mkavu nje tu. Katikati ya kamba unyevu hubaki. Wakati wa mvua ongeza siku, mpaka kamba kubwa ziwe kavu hadi ndani. Mawe ya kuzamishia wavu yaacheni huko, hasa yenye nyufa. Mawe hapa hayajapungua.

Wenye vidimbwi vya samaki: bomba la kutolea maji liwe na chujio lenye matundu madogo kuliko kifaranga cha samaki. Majani huliziba, mwenye kidimbwi analing'oa ili maji yapite, mvua inayofuata inashusha vifaranga mtoni. Safisheni kila asubuhi wakati wa mvua, na pandisheni ukingo ili maji yasifurike juu yake. Magugu maji yakionekana, ng'oeni kabla ya kuchanua, maana mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi. Yapelekwe juu pasipofika maji, na kipande cha shina kisiachwe kielee, kwa kuwa huchipua upya.

Kuhusu kupima mavuno, tunaomba kilo moja kutoka kila mtumbwi, ichotwe chini ya beseni. Juu hupangwa samaki wanene, nayo hupotosha hesabu. Ichambuliwe ikiwa mbichi: dume la Lamprichthys lina mistari ya vidoa vya buluu ubavuni na pezi refu la chini, na akishakaushwa buluu hiyo haionekani. Sambaza hujulikana kwa magamba yanayobanduka mkononi. Andikeni pia aina ya wavu na kama ulitegwa karibu na ukingo au katikati, kwani mgeni huyu hupenda ukingo, na bila hilo kilo za Kalehe hazilinganishwi na za Katana.

Daftari za kupimia ziko kwa katibu. Anayekwenda Uvira amwone kabla ya safari, apewe karatasi ya kanuni.

Mwenyekiti