Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania: Intaneti ya nyumbani ipimwe kabla ya kuuzwa

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam. Tunakuandikia sisi mafundi tunaofunga intaneti majumbani, hasa ile ya ruta ya 4G au 5G inayotumia laini. Ombi letu ni hili: muuzaji asimfunge mteja kwa mkataba, wala kumuuzia ruta isiyokubali laini ya mtandao mwingine, kabla hajapima mawimbi ndani ya nyumba ya mteja huyo na kumwandikia vipimo kwenye risiti.

Nyumba mbili zinaweza kupakana, zikatumia mnara mmoja na kifurushi cha bei ileile, moja ikapata kasi ya Mbps 40 (megabiti 40 kwa sekunde) na ya pili ikaambulia 3. Huyu wa 3 akipiga huduma kwa wateja anaambiwa azime ruta kisha aiwashe. Sawa, lakini kuzima na kuwasha hakuondoi ukuta unaozuia mawimbi.

Vipimo vyenyewe vimo ndani ya ruta. Mteja akiwa ameunganishwa, anafungua kivinjari na kuandika anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi 192.168.8.1, 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Anaingia kwa nywila iliyo hapohapo, kisha anatafuta sehemu ya hali ya mtandao. Namba za kutazama ni RSRP na SINR. RSRP ni nguvu ya mawimbi, na huandikwa kwa hasi: -80 ni nzuri, -100 imeanza kuchechemea, -110 ni ya kubahatisha. Kila pengo la 10 ni mara kumi, kwa hiyo nyumba yenye -105 inapokea nguvu ndogo mara mia kuliko yenye -85. SINR ni usafi wa mawimbi dhidi ya kelele za minara mingine. Ikifika 20 ni safi, 10 inatosha, ikishuka chini ya 0 intaneti itasuasua na kukatikakatika.

Wateja wengi hutazama vijiti tu, na vijiti kwa kawaida vinafuata nguvu, si usafi. Vijiti vitano vyenye SINR ya 1 ni sawa na kuitwa kwa sauti kubwa katikati ya Kariakoo: sauti unaisikia, neno hulipati.

Nyumba zetu nazo zina yake. Bati linarudisha mawimbi, nondo za dirishani zinayachakachua, na baadhi ya vioo vya tinti vina utando wa metali. Halafu ruta yenyewe inafichwa nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, ili isiharibu sebule. Itoe hapo, ipeleke kwenye dirisha linaloelekea mnara, kwenye kimo cha bega, izungushe robo kwa robo, na kila mkao subiri sekunde 30 namba zitulie. Ruta iliyokuwa -108 kabatini inaweza kusoma -96 dirishani bila kununua chochote. Kama bado ni mbaya, dawa ni kifaa cha nje: ruta yenye antena ndani yake, juu ya mlingoti unaopita bati, ikiletewa umeme na data kwa waya mmoja wa mtandao, aina ya Cat6, wa kuhimili jua, usiozidi mita 100. Zile antena ndogo za dukani zenye waya mwembamba wa mita 10 tusizitegemee, maana waya huo hula faida yote ambayo antena imeleta.

Kuna tatizo ambalo hata mlingoti hauliponyi. Mnara ni wa mtaa mzima, na mtaa mzima unarudi nyumbani jioni. Ukiona RSRP na SINR zilezile za mchana, lakini kasi imeanguka saa 3 usiku, huo ni msongamano, na mwenye kuumaliza ni kampuni pekee. Kipimo cha saa 5 asubuhi, mtaa ukiwa kazini, ni kiini macho. Kipimwe kati ya saa 2 na saa 4 usiku, kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye ruta kwa waya, ili Wi-Fi ya jirani isije ikasingiziwa.

Tuje kwenye maneno "bila kikomo" yanayotumika kuuza vifurushi. Video safi ya Mbps 5 hula takriban GB 2.25 kwa saa. Kifurushi kinachoshushwa kasi baada ya GB 200 kinaishia kwenye saa 89 za video, yaani kama saa tatu kwa siku, tena kwa familia nzima. Baada ya hapo, kasi ikishushwa hadi Mbps 1, faili la GB 1 linachukua zaidi ya saa mbili. Hicho ni kikomo, na mteja anapaswa kukijua kabla hajatoa hela. Neno "hadi" katika "hadi Mbps 30" nalo halimwahidi kitu, kwa sababu hata Mbps 2 zimo ndani yake.

Kamera za ulinzi ni kesi nyingine. Ukurasa wa ruta ukionyesha anwani ya IP (namba ya utambulisho mtandaoni) upande wa mtandao inayoanza na 10 ikifuatiwa na nukta, au iliyo kati ya 100.64 na 100.127, mteja anachangia anwani ya umma, ile inayoonekana kutoka nje, na wateja wengine. Kamera inayofunguliwa moja kwa moja kutoka nje haitafunguka, hata fundi akeshe nayo. Inayopitia seva ya mtengenezaji itafanya kazi. Muuzaji analijua hili, lakini mnunuzi hulijua akiwa safarini.

Vipimo vya ubora vinavyochukuliwa barabarani haviwezi kusema kinachotokea chini ya bati. Ndiyo maana tunaomba Mamlaka iagize risiti ionyeshe RSRP na SINR za pale ruta itakapokaa, kasi ya usiku, GB ambazo zikiisha kasi itashushwa, na itashuka hadi ngapi, na kama anwani ya IP ni ya kuchangia. Mteja apewe siku saba za kurudisha ruta na kurudishiwa fedha zake iwapo kasi ya usiku haitafika hiyo iliyoandikwa. Simu na kompyuta ya mauzo zinatosha kwa kazi hiyo, na kipimo cha nyumba moja hakizidi nusu saa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mafundi wa intaneti za majumbani, Dar es Salaam