Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: tufungulieni mlango wa dharura

Shikamoo Dokta. Najua barua za kuja ofisini kwako zina njia yake, zinapita kwa mkuu wa chuo, zinagongwa mhuri, zinalala masijala, ila hii nimeamua kuiandika hadharani kwa sababu kila mwaka tunaulizana kitu kile kile kwenye magrupu na hakuna mwenye jibu. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari mwaka wa 4 hapa hapa Mwanza. Ombi langu ni moja. Naomba elektivu ya dharura iwepo rasmi kwenye hospitali zote za mkoa huu zenye kitengo hicho, mpaka za visiwani, na mwanafunzi wa hapa awe na nafasi yake inayojulikana badala ya kwenda kuombaomba kama anaomba lifti.

Kwa wasio wa fani wanaosoma hii, elektivu ni zile wiki ambazo mwanafunzi anachagua mwenyewe aende hospitali gani akajifunze nini. Wengi wetu tunaishia wodi ya ndani au upasuaji au unarudi mkoani kwenu kwa sababu nauli na chakula ni mfukoni mwako. Kitengo cha dharura ndiyo watu wanakikwepa, na wasiokikwepa wanakwepeshwa. Hospitali moja, sitaitaja, nilipeleka barua nikaambiwa dharura pamejaa nenda wodini, halafu nafika wodini nakuta wanafunzi wenzetu kutoka Ulaya wananisimulia usiku wao kule dharura! Sina ugomvi nao, tumekula nao sato vizuri tu pale Kirumba, wao waliandika imeili miezi mingi nyuma, wakalipa ada yao, wakapewa ratiba na msimamizi. Ndicho ninachokitaka na sisi. Ratiba na msimamizi.

Dokta, wewe unajua kuliko mimi kinachotokea baadaye. Ukimaliza miaka 5 na ule mwaka 1 wa intani, yaani mafunzo ya kazini baada ya chuo, unaweza kupangiwa sehemu ambayo usiku daktari ni wewe tu. Nansio huko kisiwani Ukerewe, au Buchosa ambako mgonjwa anatoka Kome au Maisome kwa mtumbwi, na kama ziwa limechafuka hakuna cha rufaa mpaka kukuche. Yaani unakutana na dharura yako ya kwanza kabisa ukiwa peke yako, wakati kulikuwa na wiki kadhaa za chuoni ambazo ungeona dharura kama hizo zikishughulikiwa na mtu anayejua.

Niseme kitu nilichokiona kwa macho yangu maana maneno matupu hayatoshi. Nilikuwa fildi kwenye hospitali ya wilaya, siyo dharura, nilijipenyeza tu usiku kwa ruhusa ya nesi wa shifti. Ikaja bodaboda imepakia mshikaki, katikati kijana mvuvi wa dagaa amelegea, ameanguka toka kwenye mtumbwi, wenzake kule mwaloni wamemning'iniza kichwa chini na kumkandamiza tumbo ili maji yatoke, ndivyo watu wengi wanavyoamini. Intani aliyekuwepo akakimbilia mkono kutafuta mshipa aweke dripu. Tabibu mmoja mtu mzima akamshika bega akamwambia acha mkono, hewa kwanza. Akanyanyua taya, akabana maski, akampulizia na ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono, mara 5 taratibu kifua kikinyanyuka, ndiyo akagusa mapigo. Mtungi wa oksijeni upo pale pale umejaa lakini spana ya kuufungulia iko leba, nesi aliondoka nayo mfukoni, nikatumwa mimi nikaifuate mbio gizani. Kijana akatapika, akakohoa, akaanza kuvuta mwenyewe.

Darasani tumefundishwa kwamba aliyezama shida yake ni oksijeni, unaanza na pumzi na huhangaiki na tumbo. Nimelijibu hilo swali kwenye mtihani na nikapata. Ila habari ya spana hakuna slaidi iliyowahi kunifundisha, wala jinsi ya kuongea na ndugu watatu wanaolia huku umeshika maski, wala kwamba tabibu ambaye hana hata digrii anaweza kuwa mwalimu bora kuliko profesa kwa hizo dakika 10.

Au chukua sumu za dawa ya kuua wadudu wa pamba, watu wa Kwimba na Magu na Misungwi wanazijua. Mgonjwa anakuja anatoka mate na jasho, mboni zimesinyaa, kifua kinakoroma maji. Dawa ni atropini, na unaongeza mara mbili kila baada ya dakika kama 5 mpaka kifua kikauke, siyo mpaka mboni zifunguke, hapo ndipo wengi wanapochanganya. Kwenye karatasi ni mstari mmoja. Chumbani unahitaji mtu wa kuvunja ampuli, mtu wa kuandika muda, mtu wa kusikiliza kifua, na mtu aliyeshapiga simu famasi kabla boksi halijaisha, na wewe mwenyewe umevaa glavu na nguo zake zimeshavuliwa na ngozi inaoshwa isije ikaendelea kunywa sumu. Hiyo ni kazi ya kufanya na watu, unaijua kwa kuifanya.

Na ziwa lenyewe, Dokta, halijawahi kutuacha. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, wengi wetu hatujazaliwa lakini makaburi ya Igoma walikozikwa tunapita pale. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka 20 Septemba 2018, hatua chache kabla ya kufika gatini Bwisya kule Ukara, watu zaidi ya 220 wakaenda, na fundi mmoja akatolewa hai siku mbili baadaye. Ndege iliyoanguka ziwani Bukoba 6 Novemba 2022, watu 43 ndani, 24 walitoka hai na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Bado hapo hujagusa bodaboda za kila siku Buzuruga na Igoma. Kuna 115 ya m-mama, namba ya kuita usafiri wa dharura, inasaidia sana, lakini ile ni ya mama mjamzito na kichanga, mvuvi wetu haimhusu.

Halafu kuna daraja. Tangu Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 gari la wagonjwa la Sengerema halipangi foleni ya kivuko tena. Kwa hiyo mgonjwa ambaye zamani angefia kwenye foleni sasa anafika mjini akiwa hai lakini taabani, na anayempokea mlangoni ni nani? Serikali imejenga majengo ya EMD, yaani idara za dharura, hospitali nyingi, sehemu ya hela ilikuwa ule mkopo wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wa UVIKO wa 2021, shilingi trilioni 1.3. Majengo ni mazuri, sibishi. Basi tuingizeni ndani.

Najua utasema wasimamizi hawatoshi, na ni kweli mabingwa wa dharura ni wachache, hii fani kwetu bado changa, Muhimbili walifungua idara yao 2010 na mabingwa wa kwanza wakahitimu 2013. Lakini kwa elektivu simhitaji bingwa. Namhitaji yule tabibu wa hewa kwanza, apewe mamlaka ya kunisainia logibuku, lile daftari la kuandika ulichofanya, na apewe na posho kidogo maana kufundisha ni kazi. Kabla hatujaanza tupitishwe kwenye kozi ya BEC, yaani huduma za msingi za dharura, ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ipo tangu 2018, inachukua siku 4 au 5, inafundisha kuanzia njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu na kuendelea, na Tanzania ni moja ya nchi ilikojaribiwa, kwa hiyo siyo kitu cha kuagiza mbali.

Kingine ni usiku. Tafadhali wiki 4 za elektivu zisiwe za saa mbili asubuhi hadi saa tisa unasaini unasepa, wagonjwa wa dharura hawaji kwa ratiba ya ofisi. Na visiwani mtutafutie hata chumba kimoja cha kulala, godoro tutabeba, chakula tutachanga. Wasichana wawekewe sehemu salama ya kupumzika usiku, hili wenzangu wamenituma nilisisitize na wana haki.

Waraka wako mmoja kwa Waganga Wakuu wa wilaya unatosha kuanzia, hata kama mwanzo ni nafasi mbili mbili Nansio na Sengerema. Orodha ya wanaotaka kwenda tunayo tayari, na wa kisiwani wamejaa kabla ya wa mjini, usishangae. Kama kuna fomu ya kujaza niambiwe tu, nakaa Nyakato, naweza kuifuata masijala siku yoyote baada ya raundi.

Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa 4
Mwanza